Kununua nyumba ndogo ya safu iliyokarabatiwa Uingereza: mwongozo kamili kwa mnunuzi wa mara ya kwanza

Kuta zimepakwa rangi nyeupe, sakafu ni ya kijivu, jiko ni jipya na makabati yanang'aa, na bei yake London isingekupatia hata gereji. Ndivyo zinavyotangazwa nyumba ndogo za safu katika miji kama Stoke-on-Trent, Burnley, Hull na Middlesbrough. Vyumba viwili juu, viwili chini, mlango unafungukia barabarani, ua mdogo nyuma, jirani kushoto na jirani kulia. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, migodini na bandarini, kati ya miaka ya 1870 na 1914. Kwa hiyo unaponunua "nyumba iliyokarabatiwa" unanunua jengo la zaidi ya miaka mia moja ambalo mtu amelishughulikia kwa miezi michache kabla ya kulipeleka sokoni.

Jiko baya utalibadilisha mwaka wowote ukipata hela. Ukuta unaonyonya maji, dohani lisiloshikiliwa na kitu na umeme usio na cheti havingoji upate hela. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuta na karatasi. Ninazungumzia England peke yake; Wales na Scotland wana kodi zao za ununuzi, na Scotland hata utaratibu wa ofa ni mwingine.

Hatua ya kwanza: ile nyumba ya nyumbani inahesabika

Hili liweke sawa kabla hujapiga simu kwa dalali yeyote, kwa sababu linawakamata watu wetu wa Afrika Mashariki kuliko jambo jingine lolote.

Mnunuzi wa mara ya kwanza ana nafuu kubwa ya ushuru wa stempu, yaani kodi ya kununua nyumba. Tangu 1 Aprili 2025 halipi chochote kwenye pauni 300,000 za mwanzo, na hulipa 5% kwa sehemu inayozidi hapo hadi 500,000. Bei ikivuka 500,000, nafuu yote inaondoka. Asiye mnunuzi wa mara ya kwanza anaanza kulipa baada ya pauni 125,000 tu: 2% hadi 250,000, kisha 5% kwa kinachozidi, mpaka 925,000.

Sasa sikiliza vizuri. "Mara ya kwanza" maana yake hujawahi kumiliki nyumba ya kuishi popote duniani. Ile nyumba ya Mbezi, ile fleti ya Nairobi, hata fungu lako katika nyumba ya marehemu mzee, vyote vinaweza kukuondoa kwenye orodha hiyo. Mkinunua wawili, wote wawili lazima wawe hawajawahi kumiliki. Kiwanja kitupu si nyumba, lakini ukishaanza kupandisha kuta, mweleze wakili mapema na usijiamulie mwenyewe.

Kuna na la pili, zito zaidi. Ukinunua nyumba England huku bado una nyingine yenye thamani ya pauni 40,000 au zaidi, popote ilipo, unaongezewa 5% juu ya bei yote. Kiwango hicho kilipanda tarehe 31 Oktoba 2024. Mume na mke huhesabiwa kama mtu mmoja, hivyo nyumba ya mwenzako aliyoijenga Mombasa kabla hamjaoana nayo imo. Tazama nyumba ya pauni 140,000: wa mara ya kwanza halipi kitu, mnunuzi wa kawaida hulipa 300, na mwenye nyumba nyingine hulipa 7,300. Na kama kwa miezi kumi na miwili kabla ya kununua hukukaa Uingereza angalau siku 183, kuna 2% nyingine juu yake. Anayenunua akiwa Dar es Salaam aihesabu hiyo tangu siku ya kwanza.

Wapo watakaokuambia nani atajua una nyumba kwenu. Hiyo ni taarifa unayoisaini mbele ya mamlaka ya kodi, na hati za miliki Afrika Mashariki siku hizi zinaendelea kuingizwa kwenye kompyuta. Achana na ushauri huo.

Mwenye kutaka kupangisha moja kwa moja aangalie hapa pia. Kama huna nyumba popote na hii ya kwanza unainunua ili upangishe, hulipi ile 5%, ila nafuu ya mara ya kwanza huipati, kwa sababu inataka uishi humo. Na siku utakapotaka kununua ya kuishi, hutakuwa tena mnunuzi wa mara ya kwanza. Mimi huwaambia vijana wanunue kwanza ya kulala wenyewe.

Hatua ya pili: hela, na hela imetoka wapi

Kwa nyumba ya kuishi, benki nyingi huanzia amana ya 5% au 10%. Ukiwa na viza ya muda badala ya ukazi wa kudumu, tegemea kuombwa zaidi, na baadhi ya benki hazitakuangalia kabisa. Nyumba ya kupangisha kwa kawaida hutaka 25%. Kama una miaka kati ya 18 na 39, akaunti ya akiba iitwayo Lifetime ISA inakuongezea 25% ya unachoweka, mwisho pauni 4,000 kwa mwaka, yaani nyongeza ya 1,000. Ni kwa nyumba ya kuishi tu, isiyozidi pauni 450,000, na akaunti iwe imetimiza miezi kumi na miwili. Ukiitoa hela kwa jambo jingine unakatwa 25%, hivyo unaondoka na pungufu ya ulichoweka.

Wanaokwepa riba wana njia ya halali: benki inanunua nyumba pamoja nawe, unalipa kodi ya pango kwa fungu lake huku ukilinunua kidogo kidogo hadi liishe. Zamani mpango huo ulikuwa unatozwa ushuru wa stempu mara mbili. Sheria ya 2003 iliondoa hilo. Watoaji ni wachache na amana mara nyingi huwa kubwa, basi anza mapema.

Kisha wakili atataka kujua kila pauni imetoka wapi. Hapa ndipo mambo yetu yanapomchanganya. Hela ya mchezo, ile ya kuchangiana kwa zamu ambayo mwenzetu wa Kenya angeiita ya chama, ikiingia kwa mkupuo wakili anaiona kama fedha isiyo na mwenyewe. Andaeni mapema: orodha ya wanamchezo na zamu zao, taarifa za benki zinazoonyesha ulivyokuwa ukichangia kila mwezi, barua fupi ya mweka hazina. Kama umeuza kiwanja Kibaha, shika mkataba wa mauzo, stakabadhi za kodi na taarifa ya benki inayoonyesha hela ikiingia kule kabla haijaja huku. Zawadi ya shangazi inahitaji barua yake kwamba si mkopo na hadai fungu kwenye nyumba, pamoja na kitambulisho chake na taarifa za benki yake. Shangazi atanuna. Mweleze kabla wakili hajamwandikia.

Hatua ya tatu: isome bei kabla ya kuisoma nyumba

Bei za mauzo tangu 1995 ziko wazi mtandaoni kwenye sajili ya ardhi, bure. Andika jina la mtaa uone nyumba jirani zimeuzwa kwa kiasi gani, kisha utafute hiyo hiyo unayoitaka. Ukikuta iliuzwa mwaka jana kwa 70,000 na leo inatangazwa kwa 125,000, hakuna ubaya kwa mtu kupata faida, ila sasa una swali zuri la kuuliza: zile 55,000 zimeingia wapi? Paa? Nyaya? Au ni rangi na sakafu?

Kwa pauni 7 unapata nakala ya sajili ya nyumba yenyewe. Inakuonyesha mmiliki ni nani na tangu lini. Tarehe ina uzito, kwa sababu benki nyingi husita kukopesha kwa nyumba ambayo muuzaji ameimiliki chini ya miezi sita. Inakuonyesha pia kama unanunua ardhi moja kwa moja au unapewa muda tu, kama hati zetu za miaka 33, 66 na 99 Tanzania. Kaskazini magharibi mwa England nyumba nyingi za safu zina muda wa miaka 999 na kodi ya pauni chache kwa mwaka anayolipwa mwenye ardhi. Hiyo haina shida sana. Ya kuogopa ni yenye miaka michache iliyobaki, au yenye kodi inayojipandisha yenyewe.

Hatua ya nne: siku ya kuitazama

Nenda mchana, ikiwezekana siku ya mvua au iliyofuata mvua. Na usianzie ndani. Vuka barabara, simama upande wa pili, tazama paa la nyumba yako pamoja na ya majirani. Je, limelegea katikati? Paa za zamani zilikuwa za vigae vya mawe mepesi. Mtu akiweka vigae vizito vya zege bila kuongeza mbao, boriti hupinda. Angalia mifereji ya paa: mstari wa kijani ukutani chini ya mfereji ni maji yaliyokuwa yakitiririka hapo kwa miaka.

Sasa sogelea ukuta na usome matofali. Ukiona vichwa vifupi vya matofali vikipishana na mbavu ndefu, huo ni ukuta mzito usio na nafasi katikati. Nyumba za kabla ya 1919 ndizo hizo. Ukuta wa namna hiyo ulijengwa kwa chokaa; unalowa mvua ikinyesha na unakauka upepo ukipita. Fundi wa haraka huja akaziba viungo kwa saruji, nje akapiga lipu ngumu, ndani akapaka jasi na rangi ya plastiki. Maji yakiingia hayana pa kutokea tena. Utaona uso wa tofali umebanduka huku saruji imesimama pale pale kama fremu.

Shuka na macho hadi chini. Ile tabaka ya kuzuia unyevu, ambayo mafundi wetu huiita DPC, inatakiwa iwe kama milimita 150 juu ya ardhi. Mara nyingi mkarabati ametandaza zege jipya uani hadi limeipita, na yale matofali yenye matundu ya kupitisha hewa chini ya sakafu ameyaziba. Sakafu za mbele kwa kawaida ni za mbao zilizoning'inia juu ya uwazi. Bila hewa, mbao zinaoza polepole chini ya ile kijivu nzuri. Ukiona safu ya vitundu vilivyozibwa, kimoja kila tofali au mawili, ukuta umechomwa dawa ya unyevu. Dawa hiyo peke yake haimalizi tatizo lililoletwa na mfereji unaovuja au ardhi iliyopanda. Uliza kampuni gani ilifanya na dhamana iko wapi.

Ndani sasa. Niliwahi kuingia na jamaa yangu katika nyumba moja, kila kitu kinanukia upya, madirisha yote wazi ingawa ilikuwa baridi, na kila chumba kina kifaa cha manukato. Sebuleni nilipopitisha kiganja ukutani kuanzia juu, ukuta ulikuwa na joto la kawaida, halafu kama kiunoni ukawa wa ubaridi na laini tofauti. Plasta mpya ilikuwa imeishia hapo, mstari mmoja ulionyooka chumba kizima. Nyuma ya sofa, juu kidogo ya ubao wa chini ya ukuta, chumvi nyeupe ilikuwa imeanza kujitokeza kwenye rangi isiyo na hata miezi mitatu. Dalali alisema plasta bado inakauka. Inawezekana. Lakini chumvi huletwa na maji, na hatukuweka ofa.

Fungua bomba la juu kabisa uone nguvu ya maji. Washa boila, usikubali kuambiwa tu inafanya kazi. Bonyeza sakafu kwa kisigino karibu na choo na bafu. Tazama juu ya madirisha na milango: ufa unaopanda kwa ngazi kutoka pembeni mwa linta unataka maelezo. Kama vyumba viwili vya chini vimeunganishwa kuwa kimoja, ukuta umeondolewa na panatakiwa pawe na boriti ya chuma.

Omba kupanda darini, na dalali akisema hana ngazi, rudi siku nyingine na yako. Darini ndiko mkarabati huchoka. Mambo matatu ya huko hayana mjadala. Ukuta kati yako na jirani uwe umefika hadi kwenye paa. Nyumba nyingi za safu ziliachwa wazi huko juu, moto wa jirani unatembea hadi kwako. Kama sehemu ya dohani imevunjwa chumbani ili kupata nafasi, matofali yaliyobaki juu yawe yameshikiliwa ipasavyo. Nimeona tani ya matofali ikiwa imekalia mbao mbili. Na sufi ya kuzuia baridi iwe na unene wa kutosha. Inapendekezwa milimita 270.

Rudi jioni, Ijumaa au Jumamosi, utembee mtaani bila dalali. Ukuta wa pamoja unapitisha sauti. Pita pia kichochoro cha nyuma, na ujue nani ana haki ya kupita uani kwako na mapipa yake.

Hatua ya tano: karatasi za ukarabati

Kabla ya ofa, au pamoja nayo, omba hizi: cheti cha umeme kwa kazi iliyofanyika na ripoti ya hali ya umeme, yaani EICR, cheti cha boila kutoka kwa fundi aliyesajiliwa Gas Safe, sajili ya mafundi wa gesi, cheti cha madirisha kutoka FENSA, mpango wa kusajili mafundi wa madirisha, au mwenzake, kwa madirisha yaliyowekwa tangu Aprili 2002, cheti cha kukamilisha kazi kutoka idara ya majengo ya halmashauri kwa ukuta au dohani lililoondolewa, na EPC, cheti cha nishati. EPC usisubiri kupewa, ipo wazi mtandaoni na hudumu miaka 10.

Karatasi ikikosekana, upande wa muuzaji utasema: "tutakununulia bima." Ni bima ya bei nafuu inayokulinda halmashauri ikija kudai. Haisemi boriti ni imara. Na ukishapiga simu halmashauri kuuliza, bima hiyo kwa kawaida huwezi kuipata tena, kwa hiyo ongea na wakili kabla hujapiga. Kwa madirisha naikubali. Kwa ukuta unaobeba ghorofa, mimi nataka mhandisi aje aangalie, kwa gharama ya muuzaji.

Hatua ya sita: kutoka ofa hadi funguo

Kumbuka dalali analipwa na muuzaji. Awe mchangamfu namna gani, si wakala wako.

England ofa iliyokubaliwa haimfungi mtu. Hadi siku ya kubadilishana mikataba, muuzaji anaweza kumchukua mwingine mwenye dau kubwa, nawe unaweza kuondoka. Kipindi hicho ndicho cha kufanya kazi yako yote. Benki itatuma mtu kuthamini nyumba, lakini huyo anaangalia usalama wa mkopo wao. Ajiri mkaguzi wako aliye mwanachama wa RICS, chama cha wataalamu wa kukagua na kuthamini majengo. Kwa nyumba ya miaka mia moja iliyoguswa karibuni, chukua ukaguzi wa ngazi ya tatu, ule wa kina zaidi, hata kama nyumba ni ndogo. Ni mamia ya pauni, na ripoti moja nzuri huweza kukushushia bei kwa maelfu.

Wakili atafanya upekuzi: halmashauri, maji taka, mazingira. Stoke, Barnsley, Durham na kwingine kulikochimbwa makaa ya mawe, lazima upekuzi wa migodi uwemo. Muuzaji atajaza fomu ya TA6 kuhusu ugomvi na majirani, mafuriko na kazi zilizofanyika. Isome mwenyewe mstari kwa mstari. Jibu la "sijui" kutoka kwa mtu aliyekarabati nyumba nzima linastahili kuulizwa tena kwa maandishi.

Siku ya kubadilishana mikataba kwa kawaida unatoa 10% ya bei. Ukijitoa baada ya hapo, imekwenda. Bima ya jengo ianze siku hiyo hiyo, si siku ya funguo. Baada ya kukamilisha, ripoti ya ushuru wa stempu iende ndani ya siku 14, hata kama hudaiwi kitu. Wakili huifanya, wewe omba nakala.

Kama unanunua ili upangishe

Piga hesabu na kodi ya mapato ikiwemo. Mfano: nyumba ya 120,000, umeweka 30,000, umekopa 90,000 kwa 5.5%, riba 4,950 kwa mwaka. Kodi ya nyumba 750 kwa mwezi inakupa 9,000. Wakala, bima na matengenezo tuseme 2,000. Mkononi zinabaki 2,050. Lakini tangu 2020 riba haitolewi kwenye faida. Unapewa punguzo la 20% ya riba, basi. Unatozwa kwa 7,000, yaani 9,000 ukitoa zile 2,000. Aliye kwenye kiwango cha 20% analipa 410 na kubaki na 1,640. Aliye kwenye 40% analipa 1,810 na kubaki na 240 kwa mwaka mzima, kabla boila halijakohoa.

Nyumba iwe na EPC ya daraja E au bora zaidi. Gesi ikaguliwe kila mwaka, umeme kila miaka mitano, king'ora cha moshi kila ghorofa, na cha hewa ya sumu penye boila la gesi. Amana ya mpangaji isizidi kodi ya wiki tano, kwa nyumba yenye kodi kama ya mfano huo, na isajiliwe kwenye mpango wa ulinzi ndani ya siku 30. Baadhi ya halmashauri hutaka leseni kwa kila nyumba ya kupangisha katika mitaa fulani, hivyo uliza kwa jina la mtaa.

Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025, kuanzia 1 Mei 2026, inafuta kumtoa mpangaji bila sababu. Ukitaka kuuza au kuhamia mwenyewe, si ndani ya mwaka wa kwanza, na notisi ni miezi minne. Mazoea ya nyumbani ya kudai kodi ya miezi sita mbele nayo hayapo: ukomo ni mwezi mmoja.

Na mkopo uliochukua kwa ajili ya kuishi haukuruhusu kupangisha. Ukitaka kurudi nyumbani ukaiache nyumba na wapangaji, omba kibali cha benki kwanza, ubadilishe na bima. Ukiwa nje zaidi ya miezi sita kwa mwaka, wakala wako atakata 20% ya kodi ya pango baada ya gharama na kuipeleka kwa mamlaka ya kodi, isipokuwa umeomba na kuruhusiwa kupokea kodi yote na kujaza hesabu mwenyewe. Fomu ya kuomba ni NRL1, na haitozwi chochote.